Kiapo Chini ya Mti

Mtongwe inatazamana na kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya maji ya Kilindini. Kutoka hapo kwenda kusini ni nchi ya Wadigo, Waislamu kwa wingi wao, na bado hakuna anayeingia kayani ovyo. Kaya ni msitu ambao mababu wa Mijikenda, Wadigo na Wagiriama wakiwamo, walijenga mji katikati yake na kuzika fingo la kuulinda. Kufikia miaka ya 1940 wakazi walikuwa wamekwisha kuhama. Miti ikabaki, na wazee wa kuitunza.

Kaya Kinondo, karibu na Diani, ina hekta 30 tu. Anayeingia hujifunga kaniki. Hakati tawi, haokoti ukuni, na hata jani lililoanguka lenyewe haondoki nalo.

Lakini nguvu kubwa ya kaya ilikuwa kiapo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwakusanya Wagiriama wenzake Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi, kwamba Mwingereza hatapewa vijana wa kumfanyia kazi. Serikali ikamkamata Mekatilili na kumpeleka mbali, bara. Kiapo kikaendelea kushika watu vilevile. Basi Agosti 1914 kaya ikalipuliwa kwa baruti, na vita vikazuka.

Msomaji aliyepita madrasa anakijua kiapo kingine cha chini ya mti. Mwaka wa 6 Hijria, huko Hudaibiya, Maswahaba walimpa Mtume (S.A.W.) mkono wa ahadi, na Sura al-Fat'h inautaja mti huo. Inasimuliwa kwamba baadaye Sayyidna Umar aliamuru ukatwe, kwa kuwa watu walikuwa wakiuendea kuswali. Ujerumani nako, katika karne ya 8, mmisionari Boniface aliuangusha mwaloni wa Geismar ili Wajerumani waone kuwa mungu wao hawezi kuulinda.

Umar alichunga imani ya watu wake mwenyewe, na Boniface alitaka kuwaingiza watu katika dini yake. Waliolipua Kaya Fungo hawakuwa na dini ya kuhubiri, walitaka vibarua. Huo ulikuwa udhalimu mtupu, na uitwe hivyo.

Tangu 1992 serikali ya Kenya imekuwa ikizitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kadhaa katika Urithi wa Dunia. Kinondo imo, na Kaya Fungo nayo imo.