Mkanda wa mbwa wa gari: angalia haya kabla ya kununua wa bei nafuu

Dereva akikanyaga breki ghafla, mbwa asiyefungwa hurushwa mbele, akaumia au kuumiza abiria. Uingereza, kanuni ya 57 ya Highway Code inataka mbwa afungwe vizuri garini.

Kabla ya kulipa:

- Pima kifua cha mbwa. Mkanda ukilegea, atachomoka.
- Chagua wenye utepe mpana kifuani, mishono imara na vishikizo vya chuma. Plastiki hupasuka kirahisi.
- Kamba iwe fupi, ifungwe mgongoni. Usiifunge kwenye kola, itamuumiza shingo.
- Neno "umejaribiwa" kwenye pakiti halitoshi. Marekani haina kiwango cha serikali cha mikanda hii. Angalia kama umefaulu majaribio ya Center for Pet Safety.

Mbwa akae siti ya nyuma, mbali na eabegi.