KIA, uwanja wa Arusha ulioko Hai

Arusha inajenga uwanja wa mpira kwa ajili ya AFCON ya mwaka 2027, na vijiweni limerudi swali la siku nyingi: hao wageni watashukia wapi? Watashukia mkoa wa jirani. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao hapa kila mtu anauita KIA, uko wilayani Hai kwenye uwanda wa Sanya, karibu kilomita 50 kutoka mjini. Arusha wanasema ni wao, Moshi nao wanasema ni wao.

Uwanja ulifunguliwa tarehe 2 Desemba 1971, kwa mkopo kutoka Italia, ukiwa na barabara ya kurukia ndege yenye urefu wa mita 3,600. Shabaha haikufichwa. Mtalii wa wakati ule alitua Nairobi, akapanda gari la Nairobi, akaingia Serengeti kutazama nyumbu, akarudi kulala Nairobi. Tanzania ilibaki na vumbi. KIA ilijengwa ili mgeni ashuke mlangoni kwa mwenye mbuga.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa nayo, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Ungetarajia kwamba hapo ndipo KIA ingenawiri. Lakini mageti ya mpakani Namanga hayageuzi safari za mashirika ya Ulaya, na mpaka ulipofunguliwa watalii walirudi kwenye njia yao ileile. Hata leo mabasi madogo ya Nairobi hadi Arusha yanajaa mabegi ya wapanda mlima.

Kabla ya KIA, na baada yake, mji umekuwa na kiwanja chake kidogo pale Kisongo, kando ya barabara ya Dodoma. Ndicho cha ndege ndogo za mbugani, na mwaka 2013 lami yake ilikuwa na mita 1,620 tu. Kimelala mashariki-magharibi, sawasawa na KIA. Ulalo huo ndio uliozaa kisa ambacho Arusha haijakisahau.

Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilikuwa inatoka Addis Ababa kuja KIA. Huko KIA ndege ndogo ilikuwa imeharibika kwenye njia ya kutua, kwa hiyo ile kubwa ikazungushwa angani. Marubani walipoiona barabara ya ndege mbele yao, wakashuka. Walikuwa Kisongo. Dege lililozoea kilomita tatu na zaidi likasimama ndani ya kilomita moja na nusu, likatoka kwenye lami, magurudumu yakazama kwenye udongo. Hakuna aliyeumia. Ila abiria zaidi ya 200 walikaa ndani kwa saa kadhaa, kwa sababu kuwateremsha kulihitaji ngazi ya kuufikia mlango wa ndege ya ukubwa ule, na Kisongo hawakuwa nayo. Siku chache baadaye dege likapunguzwa uzito, likaruka bila abiria, na watu wakajipanga kutazama kama vile ni mechi. Wapo wanaoapa hadi leo kwamba rubani alijua anachofanya: alikuwa anawapunguzia abiria nauli ya teksi.

KIA yenyewe ina vituko vyake. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, twiga wanne wakiwemo, walipakiwa hapo kwa magendo kwenye ndege ya jeshi la Qatar. Bunge likawaka, na tukabaki na utani wa twiga anayeinamisha shingo ili apite mlangoni.

Uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya KADCO mwaka 1998, wabia wa nje wakishika hisa nyingi. Serikali ilizinunua zote 2009, lakini KADCO ikaendelea kuwepo mpaka Mkaguzi Mkuu na wabunge walipohoji, na mwaka 2023 uwanja ukaamuliwa urudi Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Miaka kumi na minne kwa jambo la makaratasi!

Jengo la abiria lilikarabatiwa kwa msaada wa Uholanzi, kazi ikaisha 2017, na uwezo ukapanda kutoka abiria 600,000 hadi milioni 1.2 kwa mwaka. Foleni ya uhamiaji imepungua makali. Abiria bado anashuka kwa ngazi na kutembea kwa miguu juu ya lami, jambo ambalo mimi nalipenda: asubuhi ya anga safi unauona Kilimanjaro upande mmoja na Meru upande wa pili kabla hujaonyesha pasipoti.

Shida inaanzia nje ya mlango. Kwa miaka mingi teksi ilitajwa kwa dola. Mwenye shilingi chache anatafuta bodaboda hadi njia panda ya KIA, anasimama na begi lake kando ya barabara kuu, na kungoja basi dogo la kutoka Moshi ambalo kondakta wake tayari anapiga kelele kwamba nafasi ipo.