Kijalizo au Chagizo? Historia Fupi ya Programu-jalizi, pamoja na Mfano wa Ushuru wa Kahawa ya Muleba

Neno programu-jalizi limekwisha kupata makao katika Kiswahili cha kompyuta. Maana yake ni programu ndogo inayopachikwa katika programu kubwa ili kuiongezea kazi pasipo kuibomoa. Asili yake ni kitenzi jaliza, ambacho wanasarufi nao wamekitumia kuunda istilahi kijalizo. Makusudi ya makala hii ni kueleza kwa ufupi historia ya jambo lenyewe, kisha kuuliza kama jina hilo laafikiana na tabia yake.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Programu za hesabu za zama zile kwa kawaida zilisukwa kama mkeka mmoja: viwango vya kodi, ukokotoaji na uchapaji vyote vilishikana, hata aliyetaka kubadili uzi mmoja alilazimika kuupekua mkeka wote. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Haifai kudai kwamba ususi huo ndio ulioleta marufuku. Lakini ni dhahiri kwamba programu ya namna hiyo humfanya mwenye mali awe mtumwa wa fundi aliyeiandika.

Dawa ya shida hiyo ilionekana wazi katika kompyuta za kati, zilizotumiwa sana na makampuni na mabenki. IBM ilitangaza System/38 mwaka 1978, na AS/400 mwaka 1988. Katika mashine hizo programu iliweza kuita programu nyingine kwa jina lililosomwa katika jedwali wakati kazi ikiendelea. Basi mwandishi wa programu ya biashara aliweza kuacha mahali maalumu, akaeleza ni habari zipi atakazotoa na ni jibu gani atakalopokea. Mteja aliandika programu yake, akaandikisha jina lake katika jedwali, na kiini hakikuguswa.

Faida yake yaonekana tukitazama Muleba, wilaya ya kahawa na migomba. Mwaka 1950, wakati Muleba ingali sehemu ya Bukoba, wakulima wa huko waliunda chama chao kikuu cha ushirika, na tangu hapo leja ya kahawa imekuwa jambo zito. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara unaotozwa na halmashauri ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Tuseme kiwango hicho kimeandikwa ndani ya kiini: sheria ikibadilika, hapana budi kiini kifunguliwe, na kila mkono unaokifungua waweza kuharibu leja yenyewe. Kikiwa katika jalizi, jalizi peke yake hubadilishwa. Hata hivyo, kanuni kwamba debiti ilingane na krediti haifai kutolewa nje kamwe. Tena kiini kilikague kila jibu, na kulikataa lisilopatana na kanuni hiyo.

Sasa turejee kwenye jina. Katika sentensi “Muleba ni wilaya”, neno wilaya ni kijalizo; likiondolewa, yabaki “Muleba ni”, maneno yanayoning’inia. Katika sentensi “Mnunuzi alilipa ushuru jana”, neno jana ni chagizo. Likiondolewa, sentensi yasimama. Programu-jalizi iliyobuniwa vema ni ya namna hii ya pili. Jalizi ya ushuru ikiondolewa, vitabu vya kahawa havina budi kuendelea kulingana.

Hatupendekezi neno lililokwisha kuenea lifutwe. Bali mbunifu asidanganywe na asili yake: kiini kisichoweza kusimama bila jalizi zake ni ule mkeka wa zamani uliokatwa vipande. Na atakayekuja kulipia ubunifu mbaya ni mkulima anayengoja malipo ya kahawa yake.