Jürgen Ahrend na Ufufuo wa Vinanda vya Kale vya Ujerumani Kaskazini

Kinanda cha mabomba, ambacho kwa karne nyingi kimekuwa ala kuu ya makanisa ya Ulaya, hutoa sauti pale upepo wa mivukuto unapoingia katika mabomba ya mbao au ya madini, kila bomba likiwa na noti yake moja tu. Katika karne ya 20 baadhi ya mafundi wa ala hii waliyaacha kwa hiari yao maendeleo mengi ya karne iliyotangulia, wakarudi kujifunza kwa mafundi waliokufa zaidi ya miaka 200 kabla yao. Miongoni mwao Jürgen Ahrend, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1930, ana nafasi ya pekee, kwa sababu kwake ukarabati wa vinanda vikongwe na ujenzi wa vipya havikuwa kazi mbili: kile alichokirekebisha ndicho kilichomfundisha namna ya kujenga.

Hadi karne ya 18 kibonyezo kiliunganishwa na vali ya upepo kwa vijiti vyembamba vya mbao, hivyo kidole cha mpigaji ndicho kilichofungua njia ya upepo moja kwa moja. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 mirija ya hewa, na baadaye nyaya za umeme, zilichukua nafasi ya vijiti hivyo, nguvu ya upepo ikaongezwa, na viwanda vikatengeneza mabomba kwa wingi ili kupata sauti nzito inayokaribia ile ya okestra. Upinzani haukuchelewa: mwaka 1906 Albert Schweitzer, aliyekuja kujulikana zaidi kwa hospitali yake ya Lambaréné nchini Gabon, alichapisha kijitabu cha kutetea ufundi wa zamani, na katika miaka ya 1920 mwandishi Hans Henny Jahnn aliwavuta wataalamu wakakitazame upya kinanda cha kanisa la Mtakatifu Yakobo jijini Hamburg. Hata hivyo, wengi walioitikia wito huo waliiga majina ya sauti za kale huku wakiendelea kutumia madini na vipimo vya kiwandani, na vinanda vyao vikatoa sauti kali isiyo na kina.

Ushahidi bora zaidi ulikuwa umebaki Ostfriesland, eneo la pwani lililo kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, linalopakana na Uholanzi. Wakulima na wafugaji wa huko waliwahi kuwa na utajiri wa kutosha kuagiza vinanda vizuri, na kumbukumbu ya mwaka 1457 inaeleza kwamba watu wa kijiji cha Rysum waliomba ruhusa ya kuuza ng'ombe wao walionona ng'ambo ya mto Ems, huko Groningen, ili walipie kinanda chao. Vizazi vya baadaye vilipopungukiwa, parokia nyingi hazikumudu kubadilisha ala zao kwa kufuata mitindo mipya, na kwa njia hiyo umaskini ukahifadhi kile ambacho katika miji tajiri kilibomolewa.

Ahrend alijifunza kazi mjini Göttingen katika karakana ya Paul Ott, kisha mwaka 1954 akafungua karakana yake pamoja na Gerhard Brunzema huko Loga, karibu na mji wa Leer, katikati ya vinanda hivyo. Wawili hao walikarabati ala za vijijini, kama zile za Westerhusen, Uttum na Rysum, na ushirika wao ulidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Brunzema alipohamia Kanada.

Katika kazi hizo walitambua kwamba siri ya sauti haikuwa katika orodha za maandishi bali katika bomba lenyewe. Bomba la kale la madini lilitengenezwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati, mara nyingi risasi ikizidi sana, na bamba lake lilipigwa nyundo ili madini yashikamane kabla ya kukunjwa. Karibu na mguu wa bomba kuna mdomo, yaani mwanya ambapo upepo, ukiwa umepita katika upenyo mwembamba, hugonga ukingo wa juu na kuzaa sauti. Ukingo huo ukiinuliwa kwa kisu hata kidogo, noti hubadilika tabia, na kilichokatwa hakirudi. Kwa hiyo mkarabati alipaswa kuyasikiliza mabomba ambayo hayajaguswa, apime upana wa midomo yao na nguvu ya upepo iliyoyafaa, ndipo atengeneze yale yaliyopotea yalingane nayo.

Uwezo huo ulipimwa katika kazi za Arp Schnitger (1648–1719), fundi mashuhuri kuliko wote wa pwani hiyo. Ahrend alikarabati kinanda chake cha Norden kati ya mwaka 1981 na 1985, kisha akakabidhiwa kile cha Mtakatifu Yakobo jijini Hamburg, kilichokamilika mwaka 1693 kikiwa na aina 60 za sauti, ambacho Johann Sebastian Bach aliombea nafasi ya kukipiga mwaka 1720. Mabomba yake ya mbele yalikuwa yamechukuliwa mwaka 1917 ili madini yake yatumike vitani, na kabati lake liliteketea kwa mabomu mwaka 1944, ingawa mabomba mengine na masanduku ya upepo yalikuwa yamefichwa mapema. Kazi ilipokamilika mwaka 1993, sehemu zilizopotea zilikuwa zimeundwa upya, na noti ya A ilibaki katika kipimo chake cha zamani cha takriban hezi 495, karibu toni nzima juu ya kipimo cha leo cha 440.

Uaminifu wa namna hiyo una gharama yake, kwa kuwa ala nyingine haziwezi kuandamana na kinanda hicho bila kuhamisha noti, na ulinganishaji wa noti wa kale, unaotoa uzuri wa pekee katika funguo chache za muziki, hukwaruza sikio katika funguo za mbali. Pamoja na hayo, ala mpya za Ahrend zilitakiwa hata mbali na Ujerumani, zikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ya mwaka 1980, na ile ya Toulouse nchini Ufaransa ya mwaka 1981. Karakana ilipopokewa na mwanawe Hendrik mwaka 2005, bomba la kale halikuhesabiwa tena kuwa takataka ya kuyeyushwa bali hati ya ufundi, na mkarabati wa sasa anayetaka kuliondoa ndiye anayedaiwa sababu.