Usonji: Isome tabia ya mtoto kabla ya kumwadhibu

KATIKA mji wa Kitengela, ambao sensa ya 2019 ilionyesha kuwa na zaidi ya wakazi 150,000, familia nyingi huishi katika nyumba za kupanga zilizopakana ukuta kwa ukuta. Mtoto mwenye usonji akipiga mayowe usiku, majirani husikia na lawama humfikia mzazi kabla hakujapambazuka. Hapo mzazi hushawishika kumchapa mtoto ili anyamaze, au kumfungia ndani ili asionekane. Njia hizo mbili huleta utulivu wa muda, lakini hazimfunzi mtoto lolote.

Ipo njia nyingine, nayo huitwa usaidizi chanya wa tabia. Huwafaa watu wenye usonji au ulemavu wa akili ambao matendo yao yaweza kuwadhuru wao wenyewe ama wenzao, kama vile kujigonga kichwa ukutani, kuuma, kurusha vyombo au kutoroka. Msingi wake ni kwamba tabia hairudiwi bila sababu. Mtoto asiyeweza kusema hutumia mwili wake kuomba kitu, kutaka kuangaliwa, kukimbia jambo linalomtesa au kutuliza hisia zake. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza jinsi ya kuikomesha tabia, mlezi huuliza inamletea mtoto faida gani.

Usonji ulielezwa na daktari Leo Kanner nchini Marekani mnamo 1943. Kwa miaka mingi baadaye, wapo wataalamu wa huko walioamini kwamba maumivu yangeweza kurekebisha tabia. Mnamo 1985, Edward Carr na Mark Durand walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watoto waliofundishwa maneno ya kuomba msaada, au ya kutaka kusikilizwa, walipunguza vurugu. Mnamo 1990, Robert Horner na wenzake wakaeleza utaratibu mzima wa kusaidia bila kuumiza, na tangu hapo mbinu hii imeenea katika shule na makao ya watu wazima katika nchi nyingi.

Hatua ya kwanza ni kuuchunguza mwili. Jino bovu, sikio linalouma, kufunga choo au kifafa huweza kumfanya mtoto asiyesema ajipige. Mabadiliko ya ghafla ya tabia yapelekwe kwa daktari kwanza.

Hatua ya pili ni daftari. Kwa muda wa wiki mbili hivi, mlezi huandika mambo matatu kila tukio linapotokea: kilichotangulia, alichofanya mtoto na kilichofuata. Tuchukue mfano wa mvulana anayejitupa chini kila anapofikishwa kwenye kituo cha matatu kando ya barabara ya Namanga. Daftari likionyesha kuwa hujitupa malori yanapopita na makanga wanapoita abiria, na kwamba hutulia mama anaporudi naye nyumbani, basi huo si ukaidi. Anakimbia kelele. Kumchapa hapo ni kumwongezea hofu juu ya hofu.

Hatua ya tatu ni kubadilisha mazingira na kumfundisha njia bora ya kupata kile kile. Mama aweza kusafiri saa za magari machache, kumvisha kofia ya kuziba masikio, na kumwonyesha kwa picha hatua za safari kabla ya kutoka nyumbani. Wakati huo huo amfundishe ishara au kadi yenye maana ya "nataka kuondoka". Mwanzoni ishara hiyo iitikiwe papo hapo, ili mtoto aone kuwa inafaa kuliko kujitupa chini. Baadaye muda wa kungoja huongezwa kidogo kidogo.

Mbali na mji, katika nyanda za wafugaji za Kajiado, chanzo chaweza kuwa tofauti. Ukame unapowalazimu watu kuhama na mifugo, ratiba ya boma huvunjika, nao watoto wengi wenye usonji hutegemea mazoea. Hata hapo mtoto aweza kuandaliwa kwa picha au kwa kifaa anachokijua, na aachiwe kazi ile ile aliyozoea kila asubuhi.

Mpango hufaulu walezi wote wanapoufuata. Mama akikataa kutoa peremende mtoto anapopiga kelele, kisha yaya akaitoa, mtoto hujifunza kwamba kelele zikizidi hulipa. Wazazi wajue pia kwamba tabia inapoacha kuzaa matunda, mara nyingi huzidi kwanza ndipo ipungue. Wengi hukata tamaa wakati huo. Hatari ikitokea, kazi ya mlezi ni kuondoa vitu vya kuumiza, kuwatenga watoto wengine na kusema machache kwa sauti ya chini. Kumfunga mtoto kamba si tiba.

Baadhi ya watu wazima wenye usonji wamelalamika kwamba wataalamu huwalazimisha kufanana na wengine. Hoja yao ni ya haki. Mtoto anayepepesa mikono akifurahi hamdhuru yeyote, na hana haja ya kurekebishwa. Lengo ni maisha bora, wala si ukimya.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 chakataza adhabu ya viboko na vitendo vya kikatili, na Kifungu cha 54 chataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza adhabu ya viboko shuleni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2025, ilifanya kosa kumficha mtu mwenye ulemavu na kumnyima huduma.

Mzazi wa Kitengela au Kajiado aweza kuanzia katika kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivyo vilianzishwa nchini mnamo 1984. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE), iliyoundwa 1986 na iliyoko Kasarani, Nairobi, pia hutathmini watoto na hufunza walimu. Usajili hufanywa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Aendapo huko, abebe lile daftari. Mtaalamu atamwona mtoto kwa saa chache tu, ilhali mzazi ameandika ya siku nyingi.