Mkono wa Idi katika kasri la Unguja

Msikilizaji wa Kasese au Bwera anayefungua redio asubuhi ya Idi hupokewa na salamu: za Rais, za Mufti, za wabunge, kisha za viongozi wa dini nyingine. Wengi huzivumilia wakingoja habari. Lakini pwani ya Afrika Mashariki ilipata kuwa na zama ambapo salamu hizo ndizo zilizokuwa habari yenyewe. Aliyesalimiwa na wakubwa wa Ulaya alihesabiwa kuwa mtawala, na aliyenyimwa salamu alikuwa katika hatari ya kukipoteza kiti chake. Mahali pa kuliona jambo hili wazi ni Zanzibar, baina ya wawakilishi wa Uingereza na masultani wa ukoo wa Al-Busaid.

Mambo ya Unguja yalifika magharibi ya Uganda mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1887 Sultani Barghash bin Said aliwakabidhi wafanyabiashara wa Kiingereza walioongozwa na William Mackinnon usimamizi wa sehemu ya pwani yake ya bara. Kupitia mlango huo wa Mombasa aliingia Kapteni Frederick Lugard, ambaye mwaka 1891 alifika Tooro, akamsimika Kasagama, na akajenga ngome karibu na ziwa la chumvi la Katwe, katika wilaya inayoitwa leo Kasese. Wapagazi wake wa pwani walikuwa wasemaji wa Kiswahili, na askari wa Kisudani aliowachukua kwa Selim Bey, karibu na Ziwa Albert, waliwekwa katika ngome za nchi hii. Tooro haikuwa na mtawala wa Kiarabu wa kupelekewa mkono wa Idi, kwa hiyo desturi inayoelezwa hapa ni ya pwani. Lugha iliyoibeba, hata hivyo, ilisafiri na misafara hiyo hadi milimani Rwenzori.

Balozi ni nani?

Kwa mfasiri, jambo la kwanza la kustaajabisha ni neno lenyewe. Mwakilishi mkuu wa Uingereza, ambaye tangu miaka ya 1913 na 1914 alikuwa chini ya Wizara ya Makoloni, Waswahili wa Unguja waliendelea kumwita Balozi, kana kwamba bado ni mgeni aliyetumwa na nchi ya kirafiki. Asili ya neno hilo ni bailo, cheo cha mjumbe wa Venice mjini Istanbul. Waturuki walilitamka balyos, na Waarabu wa Ghuba wakamwita vivyo hivyo mwakilishi wa Uingereza kwao. Neno likaficha mengi. Tangu mwaka 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na tangu 1891 hazina na idara za serikali zilisimamiwa na Waingereza, Lloyd Mathews akiwa Waziri wa Kwanza. Balozi alikuwa mgeni kwa jina tu.

Ugomvi juu ya salamu ulianza kabla ya ukoloni. Marekani ilifanya mkataba na Seyyid Said mwaka 1833 na kuweka konsuli Unguja. Mwaka 1850 konsuli Charles Ward alidai bendera yake ipigiwe mizinga katika sikukuu ya taifa lake, tarehe 4 Julai. Hakuridhishwa, akaondoka. Mwishoni mwa mwaka uliofuata manowari Susquehanna ilitia nanga bandarini kudai heshima hiyo. Kwa mtu wa leo ni ajabu manowari kusafirishwa kutoka upande wa pili wa dunia kwa ajili ya mizinga isiyo na risasi. Wakati ule, hata hivyo, idadi ya mizinga ndiyo iliyosoma cheo cha mtu mbele ya umma wote uliosimama ufukweni, na wala haikuhitaji mkalimani.

Siku salamu ilipokataliwa

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki dunia. Binamu yake Khalid bin Barghash aliingia kasrini na kujitangaza mrithi bila idhini ya Uingereza. Kaimu konsuli Basil Cave hakumpa pongezi wala rambirambi kama mfalme, na aliwaarifu makonsuli wa mataifa mengine kwamba hatambuliwi. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Kiingereza zililipiga kasri kwa muda usiofika saa nzima. Meli ya Sultani, Glasgow, ilijibu mashambulizi ikazamishwa, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Siku hiyo hiyo Hamoud bin Mohammed alisimikwa, naye akapata salamu zote ambazo mwenzake alinyimwa.

Baada ya tukio hilo hakuna aliyeweza kudhani kwamba mkono wa Idi ni adabu tupu. Katika utawala mrefu wa Seyyid Khalifa bin Harub, kuanzia Desemba 1911 hadi Oktoba 1960, baraza la Idi lilikuwa na mpango wake. Baada ya sala Sultani aliketi kasrini, wakaja masheikh, makadhi, wakuu wa jamaa za Kihindi na Kiarabu, na Balozi akiwa na maofisa wake katika sare nyeupe. Kahawa na sharbati vilipitishwa. Kwa desturi ya Waswahili, mdogo ndiye humwendea mkubwa. Kwa hiyo aliyetazama barazani aliona Mwingereza akimwendea Sultani, na akaondoka na picha hiyo. Serikali ya kikoloni iliijua maana ya picha hiyo na ikaiacha iendelee, kwa kuwa iliwagharimu asubuhi moja na kuwapa utulivu wa mwaka mzima. Siku ya kuzaliwa Mfalme wa Uingereza ilikuwa zamu ya Sultani kutuma pongezi.

Katika barua za Kiingereza, Sultani alipewa heshima ya mwanamfalme, si ile waliyoihifadhi kwa mfalme wao. Kiswahili kiliweza kuwaita wote wawili Mtukufu, na pengo hilo likapotea katika tafsiri. Sijui kama wafasiri wa zama zile walifanya hivyo kwa makusudi. Mtu wa kazi hii hushawishika kuamini kwamba angalau mmoja wao alitabasamu.

Ghuba ya Uajemi nayo ilikuwa na mtindo wa namna hii. Masheikh wa Bahrain, Kuwait na kwingineko waliandikiana na maofisa wa Kiingereza barua za Idi, na kwa upande wao wakatuma salamu za Krismasi na mwaka mpya. Kumbukumbu za Ofisi ya India, zilizohifadhiwa London, zina majalada ya barua za aina hiyo. Kuzisoma ni kazi ya kuchosha, mpaka barua moja ikosekane.

Faida ya mapatano haya ilionekana mwaka 1914. Milki ya Othmani ilipoingia vitani upande wa Ujerumani na mwito wa jihadi ukatolewa Istanbul, Khalifa bin Harub alitumia ushawishi wake kuwaweka Waislamu wa Afrika Mashariki upande wa Uingereza. Mwaka huo huo alipewa nishani ya Kiingereza na cheo cha Sir. Mwaka 1937 na tena 1953 alialikwa London kuhudhuria kutawazwa kwa George wa Sita na Elizabeth wa Pili.

Mjukuu wake, Jamshid bin Abdullah, alirithi kiti tarehe 1 Julai 1963. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba, na Balozi wa kikoloni akaondoka. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, siku chache kabla ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani. Idi ya kuchinja ya mwaka ule ilikuwa imekwisha pita mwezi Mei, wakati baba yake angali hai, na Idi iliyofuata iliangukia katikati ya Februari, Sultani akiwa uhamishoni. Jamshid hakuwahi kuketi katika baraza la Idi hata moja akiwa mtawala. Baraza lenyewe halikufa: hadi leo hufanyika Zanzibar, na anayehutubia ni Rais wa Zanzibar.