Jumba la Kina Fugger, Augsburg

Mwaka 1367 mfumaji aitwaye Hans Fugger alitoka kijiji cha Graben akahamia Augsburg, kusini mwa Ujerumani. Mjukuu wake Jakob, aliyezaliwa 1459, alijifunza biashara Venice, akatajirika kwa fedha ya Tirol, shaba ya Hungaria na mikopo kwa wafalme.

Kati ya 1512 na 1515 alijenga jumba kwenye barabara kuu, leo Maximilianstraße. Ndani mna ua uitwao Damenhof, wenye nguzo na matao ya Kiitalia, mtindo uliokuwa mgeni kabisa Ujerumani wakati huo.

Jumba lilikuwa makazi na ofisi. Matthäus Schwarz, mtunza hesabu wa Jakob, aliacha picha inayomwonyesha akiandika mbele ya tajiri wake. Nyuma yao kuna kabati, na kila droo ina jina la mji: Roma, Venice, Krakow, Innsbruck, Lisbon.

Hiyo droo ya Lisbon inatuhusu sisi watu wa pwani. Mwaka 1505, kabla jumba halijajengwa, wafanyabiashara wa Augsburg na Nuremberg waliingiza mtaji katika msafara wa Mreno Francisco de Almeida. Kina Welser, ukoo mwingine wa Augsburg, walitoa kruzado (sarafu za Ureno) 20,000, kina Fugger 4,000. Julai msafara ule uliipora Kilwa; Agosti ukaichoma Mombasa. Mjerumani Hans Mayr, aliyekuwa melini, aliandika habari za nyumba za mawe za ghorofa alizoziona huko. Nazo zilikuwa nyumba za wafanyabiashara, na historia ya kina Fugger haijatimia bila kuzitaja.

Oktoba 1518 mwanamageuzi wa dini Martin Luther alihojiwa katika jumba la Augsburg na Kardinali Cajetan, mjumbe wa Papa. Mwaka uliofuata Jakob alitoa zaidi ya gulden 540,000 ili Karl, mfalme wa Hispania, achaguliwe kuwa mfalme wa Ujerumani. Mwaka 1521 akaweka wakfu Fuggerei, mtaa wa Wakatoliki maskini wa Augsburg. Kodi yake ingali gulden moja kwa mwaka, yaani senti 88 za euro, pamoja na sala tatu kila siku.

Jakob alifariki 1525 bila mtoto wa ndoa, mali ikamwendea Anton, mwana wa kaka yake. Mabomu ya Februari 1944 yaliliteketeza jumba. Ukoo ulilijenga upya, kazi ikakamilika 1955, na mpaka leo ni mali yao.